Karatasi ya Kumi na Tatu

Mchoro huu hauna kipimo, aliniambia Bi Kasyoka,
akiutandaza mezani kama kitambaa cha kukatwa.
Usiuulize umbali. Hapa pampu na tangi zimepakana;
huko nje utatembea mpaka kiatu kilie.
Uulize jambo moja: nini kinakwenda wapi,
na nani anakizuia.

Nikasoma kwa kidole, kama mtoto wa chekechea.
Pembetatu mbili zilizogusana pua: vali.
Mstari mzima: bomba.
Mstari uliokatikakatika: neno tu,
linalosafiri bila maji kutoka kwa kipimo hadi kwa vali.
Mduara wenye mkanda kiunoni husomewa chumba cha udhibiti,
kwenye kiti, na chai.
Mduara mtupu, sharti uende mwenyewe,
usimame mbele yake, ufute vumbi kwa mkono wa ovaroli.

Na chini ya vali ya magadi, herufi mbili ndogo kama chawa.
Hizo? akasema. Ikikosa hewa, hufunga.
Kila vali huulizwa kabla haijanunuliwa:
siku pumzi ikikatika, utafunga au utafungua?
Sisi tunaajiriwa bila kuulizwa.

Julai, baridi ile ya Nairobi isiyo na mvua wala jua,
Eneo la Viwanda linanuka mawese na mpira ulioungua.
Tukatoka na karatasi kumi na sita na kalamu mbili,
ya njano kwa kilicho kweli, nyekundu kwa kisichokuwepo.
Njano, tangi la mafuta. Njano, boila.
Njano, kipimo cha mgandamizo, ingawa kioo kimepasuka
na mshale wake umelala sifuri tangu sijui lini.
Pampu ya pili? Tukazunguka sakafu mara mbili.
Hiyo tuliiuza, akasema fundi Makokha,
lakini kwenye karatasi bado inapiga kazi.
Tukacheka. Nyekundu.

Karatasi ya kumi na tatu ni maji machafu.
Mchoro unasema: kutoka birika la kuoshea
hadi tangi la kutulizia. Mshale. Basi.
Bomba lilikuwa na lake.
Nililifuata nimeinama, chini ya ngazi,
nyuma ya stoo ya katoni,
likakata kona ambayo hakuna aliyeichora,
likapenya ukuta kwenye tundu lililozibwa kwa gunia.
Upande wa pili, Mto Ngong,
na povu letu, jeupe, lenye harufu ya ndimu,
likielea taratibu kuelekea Mukuru.
Mtoto mmoja alikuwa akilivuta kwa fimbo
apate ndevu.

Bi Kasyoka alitazama povu, kisha kona ya karatasi,
safu ya marekebisho.
Jina lake lilikuwepo mara tatu, kwa mwandiko mzuri.
Hakusema kitu. Alivua kofia ngumu, akaivaa tena.

Meneja alisema: chora ulivyoukuta.
Mchoro, ndio aliokusudia.
Mimi nikasikia: ulivyolikuta.
Silabi moja,
na mto mzima unapita katikati yake.

Saa kumi na mbili kompresa ikazimwa.
Hewa ikatoka mabombani kwa mluzi mrefu,
na huko gizani vali ya magadi ikajifunga,
tak,
kama ilivyoandikwa.
Nikabaki mimi na taa ya meza,
sina herufi chini yangu.

Nikashika nyekundu.
Nikavuta mstari kupita ngazi, stoo, ukuta,
hadi ukingoni mwa karatasi, pale penye maneno
inaendelea karatasi ya,
nikaandika: mto.
Kando yake nikachora mduara,
nikainua kalamu
kabla ya kuufunga mkanda.